Kivuli cha Mfereji wa Kushoto

Mama Kola alikuwa amevumilia mengi maishani, lakini hakuwahi kudhani kwamba siku moja angeuonea wivu mchezo wa kompyuta. Mtu angemwambia hivyo mwaka mmoja nyuma, angecheka mpaka pini zimdondoke mdomoni.

Jina hilo alipewa na wateja. Hakuwa na mtoto aliyeitwa Kola. Alikuwa na mabinti wawili waliosoma bweni, wenye majina yao ya heshima, ila hakuna mteja aliyewajali hao. Walichokijali ni kola za mashati. Mafundi wengi huziogopa zile ncha mbili za mbele, maana cherehani ya umeme haina huruma, ukichelewa kidogo imekwisha kupita na ncha imekuwa duara kama pua ya mtoto. Yeye hakuchelewa. Alipoikaribia ncha aliachia mguu kabla, hatua tatu za uzi kabla, cherehani ikapoa, sindano ikazama kwenye kitambaa na kubaki humo. Hapo akakigeuza kitambaa kuizunguka sindano, kisha akakanyaga tena. Nenda, achia, zama, geuza, nenda. Miaka kumi na minane mguu wake wa kulia ulikuwa ukisema maneno hayo matano, na nyumba nzima ilikuwa imeyazoea kama watu wanavyozoea saa ya ukutani.

Mumewe aliitwa Winchi, nalo lilikuwa jina la kazini. Aliendesha kreni kwenye ghala kubwa, na sifa yake ilikuwa kushusha sanduku la tani mbili juu ya sakafu bila kulisikia likigusa. Siri yake, aliyowahi kumweleza mkewe siku ya kwanza alipokuja kugeuziwa kola ya shati lake la pekee, ni kwamba mzigo unaoning'inia una akili yake. Ukisubiri ufike ndipo usimamishe, utapita na kubembea. Unatakiwa uuachie mapema, uende wenyewe kwa hiari. Mama Kola alimpenda siku ile ile, kwa sababu hakuwahi kumsikia mtu mwingine akisema jambo ambalo mguu wake ulikuwa unalijua.

Halafu akateleza kwenye ngazi ya kreni. Hakufa, hakulemaa, ila mgongo uliharibika kiasi kwamba daktari alimkataza kukaa juu ya mashine yoyote inayotikisika. Miezi minane alikaa sebuleni na mto nyuma ya kiuno, akiutazama ukuta. Ukimuuliza kitu anajibu, usipomuuliza amenyamaza. Mkewe alishona upande wa pili wa ule ukuta, ambao haukuwa ukuta hasa bali mbao nyembamba zilizopigwa misumari ili sebule moja iwe vyumba viwili. Kila mmoja alimsikia mwenzake akipumua. Taratibu Mama Kola alikizoea kile kimya, akakihesabu kuwa mali yao ya pamoja, kitu ambacho mtu wa nje hawezi kukigusa.

Kompyuta iliachwa na shemeji yake, mdogo wa Winchi, alipohamia mji mwingine. Ilikuwa ya zamani, na upepo ulipoingia kwenye matundu yake ililalamika kama mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu ulioamka bila matatizo: mashindano ya magari ya mwaka elfu tatu na kitu.

Magari hayo hayakuwa na magurudumu, wala usukani. Kila gari lilikuwa na ulimi mwembamba chini ya tumbo, na ulimi huo ulikaa ndani ya mfereji wa mwanga uliochorwa barabarani. Mfereji ndio ulioamua gari liende wapi, dereva aliamua kasi tu. Barabara yenyewe ilipita angani, ikikatiza katikati ya majumba ya kioo, ikashuka, ikapanda, mahali fulani ikajiviringa mpaka gari likawa kichwa chini miguu juu. Ukibonyeza kitufe kirefu gari linakwenda, ukiachia linapoa. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini ukiingia kwenye kona na kasi nyingi, ulimi unachomoka kwenye mfereji wake, na gari linaruka nje, linaelea kati ya majumba, dogo, likimetameta, mpaka lipotee.

Wiki ya kwanza Winchi alimwita mkewe mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Njoo uone kitu." Mara ya pili alisema, "Kuna mifereji miwili, wawili wanaweza kushindana." Mara ya tatu alibisha tu kwenye mbao kwa kidole, kama mtu asiye na uhakika kwamba nyumba ina wenyewe. Mara zote tatu Mama Kola alijibu kwamba ana kazi. Na kweli alikuwa nayo, tena ya haraka. Baadaye, alipojaribu kutafuta mahali wivu wake ulipoanzia, kila mara alikuta njia imepita hapo kwanza, kwenye majibu yake matatu, naye akageuka haraka na kutafuta njia nyingine.

Njia nyingine ilikuwa Karani.

Karani aliishi ghorofa ya juu, mjane wa miaka mingi, mfanyakazi wa ofisi ya maji, ambaye mwezi ule alikuwa anaingia kazini mchana. Alileta sketi yake ibadilishwe zipu. Akiwa anasubiri, akasikia milio ya ajabu kutoka upande wa pili, akachungulia. Mama Kola alimaliza zipu kwa dakika ishirini. Karani aliondoka baada ya saa mbili, tena aliisahau sketi.

Kesho yake alirudi kuichukua, akaisahau tena, na keshokutwa alirudi bila sababu. Alikuwa na tabia nzuri, hilo ndilo lililoudhi. Alimsalimia Mama Kola kwanza, akamwita dada, akamuuliza hali ya mabinti, ndipo akapita. Huko ndani alimwita Winchi shemeji, na neno hilo lina ruhusa nyingi: shemeji anataniwa, anachekwa, anapigwa hata kibao cha bega, na mwenye mume anatakiwa acheke pia. Laiti Karani angekuwa mrembo, wivu ungejua pa kukaa. Lakini alikuwa mwanamke wa kawaida mwenye meno makubwa na miwani iliyofungwa kwa gundi, mkubwa kwa Mama Kola mwaka mmoja. Hakuja na manukato. Alikuja na kicheko, na asubuhi ya tatu Winchi alicheka naye.

Mama Kola alikuwa anashona mfuko wa suruali. Mguu uliachia wenyewe. Miezi minane hajaisikia ile sauti. Alikuwa amekwisha kuizika, na sasa mtu wa ghorofa ya juu ameifukua kwa mchezo wa kitoto.

Tangu siku hiyo masikio yake yakahamia upande wa pili. Alijua kila kitu bila kuona. Alijua kwamba kibodi ni moja, kwa hiyo wanaoshindana lazima wakae bega kwa bega, mmoja kidole kwenye kitufe kirefu, mwingine kwenye kile cha pembeni kulia. Alijua Karani anapenda mfereji wa kushoto. Alijua pia jinsi ya kucheza, maana Winchi alikuwa mwalimu mzuri, na mbao hazizuii somo.

"Umechelewa kuachia," alisikia mumewe akisema. "Achia kabla ya kona, usiachie ndani ya kona. Ukiwa ndani umeshachelewa."

"Shemeji, kona yenyewe siioni mpaka nimefika."

"Usiitazame gari. Gari inajijua. Tazama mbele, pale unapokwenda."

Akamfundisha kwamba kona pana haihitaji kuachia kabisa, inahitaji kupunguza, kubonyeza nusu nusu, kama mtu anayegonga mlango wa mkubwa. Akamfundisha kwamba mifereji miwili hukatana mara mbili katika kila mzunguko, na ukifika kwenye makutano sambamba na mwenzako mtagongana na kuruka wote, kwa hiyo mwenye busara humwacha mwenzake atangulie nusu gari. Akamfundisha sumaku: ukibonyeza mara mbili kwa haraka, gari linanata barabarani kwa muda mfupi, nayo ndiyo inayokuvusha kwenye ile barabara iliyojiviringa. Lakini unazo tatu tu kwa shindano zima, na mtu mwoga huzimaliza kwenye kona ndogo.

Yote haya Mama Kola aliyasikiliza na sindano mkononi, na moyo ukimchemka. Achia kabla ya kona. Hayo yalikuwa maneno yake, yalikuwa maneno yao wawili, yalisemwa mara ya kwanza juu ya kola ya shati kabla Karani hajajulikana. Sasa yanagawiwa bure.

Basi ndipo ikaja habari ya mikono ya gauni. Nesi mmoja wa zahanati jirani, mteja wa miaka, alikuwa ameleta kitambaa cha sare yake mpya. Alipokuja kulijaribu gauni, alisimama mbele ya kioo, akainua mkono mmoja, akainua wa pili, akageuka.

"Fundi, hivi mimi nina mikono miwili ya kushoto?"

Mama Kola akatazama. Kweli. Alikuwa amekata mikono yote miwili kwa upande mmoja na kuipachika hivyo hivyo, kosa ambalo mwanafunzi hulifanya wiki ya kwanza na kuchekwa mwezi mzima. Wa kulia ulijikunja kwapani kama mtu aliyebebeshwa mkono wa mwenzake. Wakati huo huo nyuma ya mbao kicheko kilipanda, cha kike kikitangulia, cha kiume kikifuata. Nesi alizitazama zile mbao, kisha akamtazama fundi, kwa macho yale yale aliyowatazama nayo wagonjwa wasiosema wanaumwa wapi.

"Kuna sherehe humo?" akauliza.

"Mume wangu na jirani. Wanacheza magari."

"Ahaa," akasema nesi, akavua gauni polepole. "Basi mimi nitapita Jumamosi. Wewe pumzisha kichwa kwanza."

Jioni ile Mama Kola alimuuliza mumewe, kwa sauti aliyoilainisha kadiri alivyoweza, kama hachoki na ule mchezo. Winchi akamjibu kwa furaha, maskini, bila kuhisi kitu. Akamweleza jambo ambalo kwenye mbao halikupita. Mchezo ule, alisema, una kumbukumbu. Mtu akiweka mzunguko wa kasi kuliko wote, gari lake linabaki humo kama kivuli. Kesho yake ukicheza, hata peke yako, kile kivuli kinakimbia pembeni yako, kinapinda alipopinda, kinapunguza alipopunguza. Kivuli cha sasa ni cha Karani. Ni cha buluu, mfereji wa kushoto.

"Kwa hiyo akiwa kazini unacheza na kivuli chake," alisema mkewe.

"Ndiyo. Ni kama yupo."

Alisema hivyo na kuendelea kunywa chai.

Mama Kola alilala na lile neno. Mwanamke anayekuja na kuondoka unaweza kumvumilia, maana anaondoka. Sasa huyu hakuwa anaondoka. Alikuwa amebaki sebuleni kwake, wa buluu, hasalimii wala haiti mtu dada, anazunguka kati ya majumba ya kioo mchana kutwa na mume wa watu.

Kivuli kingefutwaje? Hilo nalo Winchi alilisema bila kuombwa: mtu mwingine akiweka mzunguko wa kasi zaidi, cha zamani kinatoweka, cha mpya kinakaa mahali pake.

Jumanne na Ijumaa asubuhi Winchi alikwenda zahanati kunyooshwa mgongo. Jumanne iliyofuata, alipotoka tu na kusikika akishuka ngazi moja moja, Mama Kola aliweka mkasi chini, akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akaketi kwenye kiti ambacho mgongo wa Karani ulikuwa umekilainisha.

Alishangazwa kwanza na ule mji. Mbao zilikuwa zimemwambia kila kitu isipokuwa ulivyo. Majumba yalipanda mpaka mawinguni, yote yakiwaka taa, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Hakuna dirisha lenye pazia. Hakuna kamba ya kuanikia nguo. Alijiuliza watu wa mwaka elfu tatu wanashonewa na nani.

Kisha akabonyeza, na gari likaruka nje kwenye kona ya kwanza.

Likaruka kwenye ya pili, na ya tatu. Kivuli cha buluu kilimpita, kikazunguka, kikampita tena. Kichwani alijua kila kitu. Alijua aachie wapi, agonge wapi mara mbili. Lakini kidole chake hakikujua. Vidole vyake vilizoea kuongoza kitambaa, na kwao mwendo ulikuwa kazi ya wengine huko chini. Kila kona ilipokaribia, mguu wake wa kulia uliinuka sakafuni kwa wakati sahihi kabisa, na kidole kikabaki kimebonyeza. Alipoteza asubuhi nzima hivyo. Aliporudi Winchi alimkuta kwenye cherehani, uso umemjaa jasho, akamuuliza kama ana homa.

Karani alikuja kama kawaida. Alileta hata karanga, akamkaribisha dada aje ajaribu, na dada akasema ana kazi, mara ya nne.

Ijumaa ilipofika alifanya jambo ambalo angeona aibu kulieleza. Aliichukua kibodi mezani, akauvuta waya wake, akaiweka sakafuni pale ambapo pedali ingekuwa. Alivua kiatu. Mguu wake ulikuwa na vumbi jeupe la chaki ya kuchorea vitambaa, maana kutwa nzima huikanyaga inapodondoka. Akaweka kidole gumba cha mguu juu ya kitufe kirefu, mikono akaiweka mezani, mitupu, kana kwamba imeshika kitambaa.

Nenda. Kona ikaja, naye hakulitazama gari, alitazama ncha, na mguu ukaachia hatua tatu kabla, wenyewe. Gari likapoa, likazama ndani ya kona kama sindano, likageuka. Nenda. Mikono yake mezani iligeuka pia, ikizungusha shati lisilokuwepo. Kwenye barabara iliyojiviringa mguu uligonga mara mbili, kama anavyogonga kurudishia mshono mwishoni ili usifumuke. Gari likanata, likapita kichwa chini miguu juu, likatoka upande wa pili. Shindano la sita alifika sambamba na kivuli. Kwenye makutano alikitangulia nusu gari. Shindano la tisa alikiacha kona nzima nyuma, na alipovuka mstari, kivuli cha buluu kilimeguka kama vumbi, kikaisha.

Alikaa pale mguu mmoja mtupu, akiona fahari ambayo hakuwa na wa kumgawia. Kisha akarudisha kibodi mezani, akavaa kiatu, akaenda kushona mkono wa kulia wa nesi.

Winchi aliporudi aliketi kwenye mchezo kabla hata ya kunywa maji. Mama Kola alisubiri nyuma ya mbao. Alisikia gari la kwanza likiruka, la pili, la tano. Halafu alisikia mumewe akipiga mluzi wa chini, ule wa mtu anayeona mzigo umeshushwa vizuri.

"Mke wangu," aliita. "Karani alipita hapa leo?"

Uzi ukakatika.

"Kwa nini?"

"Ameweka kitu hapa, hakijawahi kuonekana. Huyu mwanamke ni hatari. Yaani amenipita kabisa, na sijui amejifunza lini."

Hapo Mama Kola alionja wivu wa aina ambayo hakujua kama ipo. Alikuwa ametoka jasho kumfuta mwanamke, na kwa mguu wake mwenyewe alikuwa amempamba. Angeweza kusema. Neno moja lingetosha. Lakini angesemaje? Kwamba alifunga mlango kwa komeo nyumbani kwake mwenyewe? Kwamba alicheza kwa mguu kama kichaa? Alishindwa, akajibu tu kwamba hajui, labda alipita. Wikendi nzima alimsikia mumewe akihangaika na kile kivuli, akikisifu, akikibembeleza. "Hebu ngoja kidogo, bwana," alikiambia. Hakuwahi kumsikia akimbembeleza mtu hivyo, hata yeye.

Jumatatu Karani alikuja. Winchi alimpokea kwa pongezi kutoka mlangoni, na Mama Kola alisimamisha cherehani ili asikose hata pumzi.

"Shemeji, unanitania," sauti ya Karani ilisema. "Mimi Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya kubadilisha miwani. Hii si yangu. Mimi hata kwa uchawi siwezi hivi."

Baadaye ukasikika mchezo ukianza, kisha Winchi akisema, polepole, "Ngoja. Usicheze. Tuitazame tu."

Wakaitazama. Mama Kola hakuona, ila aliijua kila hatua ya kile kivuli, hapo kinakwenda, hapo kinaachia.

"Unaona?" alisema Winchi. "Inaachia mapema sana, mapema kuliko ninavyokufundisha. Inasimama kidogo ndani ya kona. Inageuka ndio inaondoka. Nenda, achia..." Kidole chake kilikuwa kinapiga meza, kikifuata mwendo, na mwendo ule Mama Kola aliutambua kabla ya mwenye kidole. Ndio uliokuwa ukipita kwenye mbao zile kwa miaka kumi na minane.

Kisha Karani, ambaye macho yake mapya yalikuwa yanaona kila kitu, akauliza, "Na hili vumbi jeupe kando ya kitufe ni la nini?"

Kiti kikasukumwa. Winchi alihitaji muda kuinuka, alihitaji kushika meza, kisha ukuta. Alipotokea mlangoni alikuwa anahema, na ncha ya kidole chake ilikuwa nyeupe. Aliitazama chaki iliyodondoka sakafuni, akautazama mguu wa mkewe juu ya pedali.

"Unatumia mkono gani?" akauliza.

"Situmii mkono."

Alimwelewa. Akacheka, hata akalazimika kukishika kiuno, na kwa mara ya kwanza kicheko kile kilikuwa upande huu wa mbao. Mama Kola hakucheka. Alikuwa bado na hasira naye kwa siku zile tatu za sifa zilizopotea njia.

"Ulimbembeleza," alisema. "Nilikusikia."

"Nani?"

"Kivuli."

"Si wewe?"

"Ulikuwa hujui."

Karani alikuwa amesimama nyuma, amejibana ukutani, mkoba mkononi. Alimtazama dada, akatazama sebule aliyokuwa ameizoea, na uso wake ukaonyesha kwamba ameelewa kitu kuhusu wiki zile ambacho hakuna aliyekisema. Aliaga kwa sauti ndogo, akasema zamu ya asubuhi inaanza wiki ijayo.

Jioni ile mke na mume walipatana, lakini kulikuwa na tatizo ambalo mapatano hayakuliondoa. Kibodi ilikuwa moja. Ikiwa mezani mke hawezi kucheza, na ikiwa sakafuni mume hawezi kuinama. Kwa hiyo hawakuweza kukaa pamoja. Alicheza mmoja, kisha mwingine. Asubuhi Winchi alishindana na kivuli cha mkewe, jioni mke akaweka kivuli kikali zaidi, kesho mume akaendelea.

Ijumaa ya wiki ile mlango uligongwa. Alikuwa Karani, akielekea ofisini, na kwapani alikuwa na kibodi kuukuu iliyokosa herufi tatu.

"Ilikuwa stoo, wameniruhusu kuichukua," alisema. "Kitufe kirefu kizima. Ya kwako, dada, ya chini. Shemeji abaki na ya juu, na kile kitufe cha pembeni."

Mama Kola aliipokea kwa mikono miwili. Akamwambia kwamba ile sketi bado ipo, imepigwa pasi. Kisha akaichukua kibodi akaiweka juu ya kabati la vitambaa, nyuma ya marobota, akajiambia ataiunganisha akipata nafasi. Alikuwa na mashati kumi na mawili ya watu wa benki.

Mashati yaliendelea Jumamosi. Jumatatu alikuwa kwenye kola ya saba, ncha ya kwanza imekwisha, anakaribia ya pili, mguu umeshaachia, sindano imezama. Ndipo akasikia upande wa pili mumewe akicheka. Kicheko laini, cha mtu aliye na mtu.

"Leo sikuachii," Winchi alikuwa anakiambia kivuli. "Jana ulinionea."

Na ule wivu wa zamani, aliodhani umeondoka na zamu ya Karani, ulimpanda Mama Kola kutoka miguuni. Kipo pale, alifikiri. Kimekaa pale kwenye kiti changu, kinataniwa, kinabembelezwa, hakina mashati ya kumaliza. Kimechukua mguu wangu na kwenda nao kwa mume wangu, na mimi nimebaki huku na kitambaa cha watu. Kilikuwa chake, naam, lakini hata dada wa tumbo moja humuonei wivu kidogo ukimkuta amekalia kiti chako?

Kwa kawaida hapo angegeuza kitambaa na kukanyaga. Sindano ilikuwa imezama, ncha inangoja, mguu umekwisha kujua. Miaka kumi na minane hajawahi kuacha kola katikati.

Aliinuka. Alipanda kwenye stuli, akasogeza marobota, akaishusha ile kibodi yenye vumbi na kuifuta kwa kipande cha kola. Alivua kiatu akiwa bado njiani. Winchi aligeuza shingo, taratibu, jinsi mgongo ulivyomruhusu.

"Una kazi," alisema, na haikuwa wazi kama anauliza.

"Sogea," alisema mkewe.

Akasogea. Mama Kola akaiunganisha kibodi yake, akaiweka sakafuni, akakaa, bega lake likagusa bega la mumewe, na kwenye kona ya kwanza kabisa mguu ukasahau kuachia, gari lake likachomoka kwenye mfereji, likaruka, likaelea kati ya majumba yasiyo na watu, mwenyewe akilitazama linavyopotea. La pili nalo likaruka. Kivuli chake kikawapita wote wawili. Chumba cha pili cherehani iliunguruma tupu, taa yake imewaka juu ya kola yenye ncha moja.